Kwa nini simu ya babu haikuhitaji chaji

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Nyumbani kwa marehemu babu, hapa Tanga, kuna simu nyeusi ya mezani, nzito, ya kuzungusha namba. Haina betri wala waya wa kuchomeka kwenye umeme, lakini baba zangu wadogo wanasema hata umeme ulipokatika ilikuwa ikiita kama kawaida. Simu yangu mimi haimalizi siku bila chaji, na ilipoanguka mara moja tu kioo kikapasuka. Je, simu zimekwenda mbele au zimerudi nyuma? Na ile ya babu inaweza kufufuliwa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Baba zako wadogo wanasema kweli. Simu ile ilikuwa na betri, ila betri yenyewe haikukaa nyumbani kwa babu. Ilikaa mjini, kwenye jengo la mitambo ya simu: seli za risasi na tindikali zimeunganishwa moja baada ya nyingine hadi kufika volti 48 au 50. Umeme huo ulisafiri kwenye nyaya mbili za shaba, zile zile zilizobeba sauti, mpaka sebuleni. Umeme wa mji ulipokatika, betri za mtamboni ziliendelea na kazi, na nyuma yake kulikuwa na jenereta ya dizeli. Ndiyo maana taa zilizimika na simu ikaita.

Nakuomba ulishike jambo hili, kwa sababu kwangu ndilo linaloeleza mabadiliko mengi ya simu tangu enzi ya babu: kila kizazi kilichofuata kimehamisha nguvu na akili kutoka mtamboni kwenda kwa mtumiaji. Enzi ya babu vyote viwili vilikuwa upande wa pili wa waya, na chombo cha mezani kilipewa kazi chache sana. Leo karibu vyote viko kiganjani mwako, pamoja na gharama na udhaifu wake. Umbo la simu limekuwa likifuata uhamisho huo.

Tuanze mwanzo. Alexander Graham Bell alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, Marekani tarehe 7 Machi 1876. Katika chombo chake sauti ya msemaji ndiyo iliyozalisha umeme, na umeme huo ulikuwa hafifu mno kwenda mbali. Kilichoiokoa simu ni kaboni. Thomas Edison na wengine waligundua kwamba ukiweka kaboni nyuma ya kiwambo chembamba, sauti huibana na kuiachia, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyopitisha mkondo mwingi zaidi. Kwa hiyo sauti haikuzalisha tena umeme. Ilifungulia na kubana umeme uliotoka kwenye betri. Kinasa sauti cha aina hiyo, kilichojaa chembechembe za kaboni, kilidumu ndani ya simu kwa karibu miaka mia, na kimo ndani ya mkonga, kipande cha kushika na kuongelea, wa simu ya babu yako mpaka leo.

Ila betri hiyo mwanzoni ilikaa nyumbani kwa mteja, ndani ya sanduku la mbao ukutani, na ubavuni palikuwa na mkono wa kuzungusha ili kumwamsha opereta. Betri zikichoka, fundi alilazimika kwenda nyumba kwa nyumba. Kuanzia miaka ya 1890 makampuni yakaanza kuzihamishia betri zote mtamboni. Hapo ndipo sanduku lilipoweza kushuka ukutani na kuwa chombo kidogo cha mezani.

Kisha opereta naye akapata mshindani. Almon Strowger alikuwa mtayarishaji wa mazishi huko Kansas City, na inasimuliwa kwamba alishuku opereta wa mjini kwao alikuwa akiwaelekeza wafiwa kwa mshindani wake. Alipata hataza ya mtambo unaojichagulia laini wenyewe mwaka 1891, na mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Kisahani cha namba kilikuja baadaye kidogo, na kwa maoni yangu hakuna sehemu ya simu iliyobuniwa kwa akili zaidi ya hiyo.

Itazame kazi yake. Unapoinua mkonga, swichi iliyo chini yake inafunga mzunguko, mkondo unaanza kupita, na mtambo unajua kwamba babu anataka kupiga, unamletea mlio. Anaingiza kidole kwenye tundu la 7, anazungusha hadi kwenye kizuizi, anaachia. Wakati kisahani kinarudi, kinaukata mkondo mara saba, kwa mwendo wa mara kumi hivi kwa sekunde. Mtamboni, kila mkato unasogeza mkono wa chuma hatua moja. Tundu la 0 linakata mara kumi, ndiyo maana liko mwisho. Ndani ya kisahani kuna kifaa kidogo kinachozunguka kwa kasi na kusugua ukuta wake, kazi yake ni kuhakikisha mwendo wa kurudi ni ule ule, awe aliyepiga ana haraka au ametulia. Sauti ile ya krrrr unayoisikia ni yake.

Wazee wengi wanakumbuka pia kufuli dogo lililowekwa kwenye tundu la kisahani ili watoto na wageni wasipige. Waliojua siri ya mikato walilishinda bila ufunguo: waligonga swichi ya kuwekea mkonga mara saba haraka kupata 7, wakatulia kidogo, wakagonga namba inayofuata. Mtambo haukuweza kutofautisha.

Kisahani kiliacha alama ambazo bado tunaishi nazo. Marekani ilipogawa namba za maeneo mwaka 1947, New York ilipewa 212 na Los Angeles 213, kwa sababu miji yenye wapigaji wengi ilistahili namba fupi kuzungusha. London ilipoanzisha namba ya dharura mwaka 1937 ilichagua 999. Namba 111 ingekuwa ya haraka, lakini nyaya za angani zikigusana kwa upepo zilitoa mikato inayofanana na 1, na polisi wangeitwa bure. Tena simu za kulipia za barabarani zilikuwa tayari zinaruhusu 0 ya opereta bila sarafu, na kuzirekebisha ziruhusu na 9, tundu la jirani, kulikuwa kazi ndogo. Kenya wanapiga 999 mpaka leo.

Sasa umbo lenyewe. Kwa maelezo yako, nyeusi, nzito, ya kuzungusha namba, nadhani ni ya familia ile iliyoenea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, inayojulikana kama aina ya 300. Tazama chini kwa mbele. Ukikuta kidroo chembamba cha kuwekea karatasi ya namba, umeitambua. Umbo lake lilitokana na simu ya Ericsson ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliyochorwa na Jean Heiberg, mchoraji wa Norway, akishirikiana na mhandisi Johan Christian Bjerknes. Kabla yao kengele ilikuwa mara nyingi kwenye kisanduku chake ukutani. Wao waliingiza kila kitu ndani ya ganda moja.

Ganda hilo ni la bakelaiti, plastiki ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani kabisa, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Humiminwa ndani ya kalibu, hubanwa na kupashwa moto, na ikishaganda haiyeyuki tena. Mikunjo laini ya simu ya babu ina sababu za kikalibu: pembe kali ni vigumu kutoka vizuri na hupasuka kwa urahisi. Weusi nao una sababu. Ndani ya bakelaiti huchanganywa unga wa mbao, na rangi nyeusi huficha mchanganyiko huo vizuri. Simu za rangi nyingine zilikuwepo lakini zililipiwa zaidi.

Je, inafufuka? Mara nyingi ndiyo. Kwanza kabisa, usiiunganishe na soketi ya umeme wa nyumbani hata kwa kujaribu. Nimeona watu wakidhani waya wake ulikatwa plagi. Volti 230 zitaiua na zinaweza kukuua wewe. Pili, gonga mkonga taratibu kwenye kiganja. Chembe za kaboni zikikaa miaka mingi bila kutumika hushikana, na sauti hufifia, kuzitikisa kunazirudisha. Tatu, mtafute fundi akague waya wa mkonga, maana ule wa kufumwa kwa kitambaa huoza ndani kabla ya nje, hasa kwenye unyevunyevu wa chumvi wa pwani yetu. Kisahani kikirudi kwa kusuasua kinahitaji kusafishwa, si kulowekwa mafuta.

Ikishapona utahitaji mahali pa kuiunganisha. Kuna visanduku vidogo vinavyopokea laini ya kawaida ya simu ya mkononi na kutoa tundu la simu ya mezani. Vingine hufanya hivyo kupitia intaneti. Karibu vyote vitaiwezesha simu yako kupokea na kuita, mradi vinatoa volti za kutosha kupiga kengele, ambazo kwenye laini za zamani zilikuwa kati ya 75 na 90. Kupiga namba ndipo penye shida, kwa kuwa visanduku vingi vinaelewa milio tu na havielewi mikato. Kabla ya kununua, uliza kwa maneno hayo hayo: kinakubali simu ya kuzungusha? Na ganda lifute kwa kitambaa laini na nta kidogo. Usitumie tina wala petroli.

Milio hiyo ndiyo hatua iliyofuata. Tarehe 18 Novemba 1963 kampuni ya simu ya Bell ya Marekani ilianza kuuza huduma ya simu za kubonyeza katika miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania. Kila kitufe hutoa sauti mbili kwa pamoja, moja ya mstari wake na nyingine ya safu yake; ukibonyeza 5 unatoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 770 na hezi 1336. Zimechaguliwa mbili ili sauti ya binadamu isije ikadhaniwa namba kwa bahati mbaya. Mpangilio wa 1-2-3 juu, tofauti na kikokotozi chenye 7-8-9 juu, ulitokana na majaribio ya watu halisi kwenye maabara za Bell, ambako idara ya kuchunguza matumizi iliongozwa na John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg. Walijaribu mipangilio mingi, ya duara, ya mistari miwili, ya mraba, wakipima nani anakosea na nani anachelewa. Namba za simu duniani kote zinabonyezwa hivyo hadi leo kwa sababu ya subira ile.

Mwaka 1968 vikaongezwa vitufe viwili, nyota na reli, kwa ajili ya huduma za kompyuta zilizotarajiwa siku za usoni. Kwa miaka mingi havikuwa na kazi kubwa. Fikiria vilipokuja kupata kazi yake: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na hapa kwetu mama lishe anayelipwa kwa *150*00# anategemea vitufe hivyo hivyo. Unapopiga namba hiyo kwenye simu ya mkononi, havitoi mlio kwenda popote. Nyota na reli zinaiambia simu itume ujumbe mfupi kwenye njia ya ishara ya mtandao, ile inayotumika kupanga simu zenyewe, na ndiyo maana huduma hiyo haihitaji intaneti wala simu janja.

Jambo lingine lililobadilisha simu halikuwa la kiufundi. Simu ya babu haikuwa yake. Ilikuwa mali ya shirika, kama zilivyokuwa za Posta na Simu baadaye, naye alilipia huduma. Uingereza hali ilikuwa hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Marekani kampuni ya AT&T ilikodisha simu zake kwa vizazi kabla ya kugawanywa tarehe 1 Januari 1984. Mwenye mali akiwa ndiye anayemlipa fundi, kila simu inayoharibika ni hasara yake, hivyo anaagiza simu isiyoharibika. Ukiifungua ya babu utakuta skrubu, waya zenye vichwa vya kufungulia, kila sehemu inabadilishwa peke yake. Siku simu ilipogeuka bidhaa ya dukani, hesabu ikageuka: muuzaji akapata faida ukirudi kununua nyingine. Plastiki ikawa nyepesi, rangi zikaongezeka, uzito ukapungua, na maisha yakafupika. Watu hudhani simu zilidhoofika kwa sababu ya teknolojia mpya. Mimi naamini zilidhoofika pale hasara ya kuharibika ilipohamia kwa mnunuzi.

Simu ya mkononi ndiyo iliyomaliza uhamisho. Martin Cooper wa Motorola alipiga simu akiwa barabarani New York tarehe 3 Aprili 1973, na miaka kumi baadaye DynaTAC 8000X ikaidhinishwa kuuzwa: karibu gramu 800, dola 3,995, mazungumzo ya nusu saa kwa chaji ya saa kumi. Sasa betri ilikuwa ya mtumiaji, na tangu hapo umbo la simu likawa mapambano na betri na antena. Antena ya robo wimbi kwa megahezi 900 inahitaji sentimita 8 hivi, na ndiyo maana simu za mwanzo zilichomoza pembe. Masafa ya redio yalipopanda na wahandisi wakajifunza kuikunja ndani ya mfuniko, pembe ikaanza kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mfumo wa simu za mkononi za kidijitali wa GSM, uliozinduliwa Finland mwaka 1991, ulileta kadi ya laini, na kwa Afrika Mashariki hilo lilikuwa kubwa kuliko umbo lolote. Namba ya babu ilikuwa ya nyumba. Namba yako ni yako, inahama nawe na inahama simu hata simu. Ujumbe mfupi wa herufi 160 ulipita kwenye nafasi iliyobaki katika njia ile ile ya ishara. Na kubip kukawezekana, kwa kuwa mtandao hautozi mpaka simu ipokelewe na jina la mpigaji huonekana kabla ya kupokea. Kwa simu ya kuzungusha, kengele ingelia na usingejua ni nani.

Kisha ikaja Nokia 1100 mwaka 2003, na hapa nakiri mapenzi yangu waziwazi. Vitufe vya mpira vilivyofunikwa vumbi lisiingie, tochi kichwani, betri inayotoka kwa ukucha. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Betri yake, BL-5C, ilikuwa na miliampia-saa (kipimo cha ujazo wa betri) 850 tu, na bado unaikuta Kariakoo ndani ya redio ndogo na spika za mkononi, kwa sababu umbo lake limekuwa kipimo ambacho kila mtu anakifuata. Kitochi kilidumu siku kadhaa kwa kuwa kikikaa mfukoni kilikuwa kimelala karibu muda wote, kikiamka kila nusu sekunde hadi sekunde mbili kusikiliza kama kinaitwa.

Simu janja yako ina miliampia-saa 5,000 pengine, yaani nishati kama mara sita ya kitochi, na inaimaliza kwa siku. Kioo kikubwa chenye mwanga ndicho mlaji wa kwanza, kichakataji na data vinafuata. Mnara ukiwa mbali inabidi ipige kelele zaidi. Simu ya GSM inaweza kupanda kutoka nguvu ndogo sana hadi wati 2. Kioo chenyewe kimekuja kwa sababu ya kidole. Tangu iPhone ya 2007 tumezoea skrini inayohisi jinsi kidole kinavyobadilisha uga wake wa umeme, na juu yake hufaa kitu kigumu, chembamba, kisichopitisha umeme na kinachoonyesha. Kioo kina sifa hizo zote, na kinapasuka.

Hivyo mbele au nyuma? Kwa uwezo, mbele kwa kiasi ambacho babu asingekisadiki. Kwa matengenezo, nyuma, na sikubali kwamba ilikuwa lazima. Betri iliyogandishwa kwa gundi ni uamuzi wa mtu. Kobalti iliyomo ndani yake huenda ilichimbwa Kolwezi, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo, kwa jasho kubwa. Kuitupa simu nzima kwa sababu betri imechoka ni kuwadharau waliochimba. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa kama hivi ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeachia nafasi kwa baadhi ya simu zenye betri za kudumu sana. Natamani mamlaka zetu za mawasiliano zidai hivyo hivyo.

Kwa simu uliyonayo, usiiache ikichajiwa juani au chini ya mto, kwani joto huiua betri kuliko kitu kingine. Ukiwa eneo lenye mtandao dhaifu wa laini moja na una laini mbili, zima ile dhaifu. Na kabla ya kununua nyingine, pita kwanza kwa fundi unayemwamini, mtajie aina unayoitaka, umwulize kama betri yake inapatikana, kioo chake ni shilingi ngapi, na kama mgongo wake unafunguka bila kuvunjika. Akisita kwenye swali lolote kati ya hayo, chagua aina nyingine.